Nilishinda urembo Morogoro, nikakwama kwenye dole gumba la baba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mnafika watano.

Nimesoma uzi wa yule mwenzetu kuhusu mashindano ya urembo ya dunia. Huyu kavuliwa taji kwa sababu ana mtoto, yule aliwahi kuolewa, mwingine uraia wake haueleweki. Mmecheka sana. Mimi sikucheka.

Nina langu, na nalisimulia lilivyo, hata pale linaponiaibisha.

Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi. Nina miaka kumi na tisa, nauza vitenge dukani Morogoro mjini. Kwetu ni milimani, Matombo. Kukawa na shindano la urembo pale mjini, nikaingia, nikashinda. Msiniombe picha, zililiwa na mchwa.

Mshindi anakwenda fainali Dar. Atakayeshinda Dar anapanda ndege kwenda Ulaya kushindana na dunia nzima. Mimi, ambaye mbali nilikowahi kufika ni Mikese, hapo jirani tu!

Fomu yangu alikuwa ameshaisaini mjomba, kaka yake mama. Waluguru wenzangu mnajua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Jina langu alitoa yeye. Shule aliamua yeye. Baba hata shamba alilolima lilikuwa la ukoo wa mama.

Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumuuliza baba. Hata mimi.

Ndugu wa mshindi wa pili wakapeleka malalamiko: aliyemsainia huyu binti si baba yake, huenda ni mume. Kamati ikaniita. Nikaeleza habari za mjomba, na za baba asiyejua kuandika, mpaka jasho likanitoka. Mwenyekiti, si mtu wa kwetu, akasema, "Dada, sheria inataka baba mzazi. Lete dole gumba lake kabla ya Jumamosi, la sivyo anakwenda wa pili."

Nikaazima kidau cha wino pale pale, nikakifunga kwenye leso, nikapanda nacho mlima.

Baba alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, nikamsomea.

"Wameandika baba?"

"Ndiyo. Baba mzazi."

"Si mjomba?"

"Wamemkataa."

"Hebu soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akataka mara ya tatu, nikasoma. Akacheka kidogo, akashika jembe lake. "Basi kawaambie baba mzazi amekataa."

Mjomba akaenda mwenyewe kumbembeleza, mtu ambaye hakuwahi kumwomba baba hata kiberiti. Ikawa ndiyo kaharibu kabisa. Baba akamwambia, "Shemeji, miaka yote hii unaamua wewe. Hili moja niachie."

Nilipiga magoti kwenye matuta nikalia. Hakuniangalia.

Jumamosi ikapita, akaenda wa pili. Haukupita muda serikali ikapiga marufuku mashindano yote ya urembo, kwamba si utamaduni wetu. Yaliporudi nilikuwa bibi.

Baba nilimzika bila kumsamehe. Sipambi.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Miaka ya karibuni mjukuu wangu, niliyemlea baada ya mama yake kufariki, aliniletea fomu ya urembo. Mlezi asaini. Mrefu, shingo yangu, mwendo wangu. Nikamwambia miwani imepotea, asubiri.

Miwani ilikuwa mfukoni mwa gauni langu.

Siku mbili tatu akawa ananizunguka. Bibi chai, bibi nikukande miguu. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe, na nikajua baba alisikia nini siku ile kule shambani.

Nilisaini Jumatatu. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa iliyotangulia, na nilikuwa najua.

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyenyimwa kauli maisha yake yote, siku akiipata anaweza kumaliza hasira zake kwa asiye na kosa. Nilikuwa huyo asiye na kosa, na bado nikafanya.

Mjukuu yuko Dumila, ana kibanda chake cha nguo. Mpaka leo anaamini miwani ilipotea. Na humu yumo, anasoma kila siku.

Changieni wakuu, hata matusi ruksa. Ila ninayemsubiri aandike ni mmoja tu.