Halua ya Kitabu cha Kwanza

Huda hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Tangu usichana wake chai yake huinywa akitembea, funda moja jikoni, jengine dirishani, kisha kikombe akakisahau juu ya mashine ya kufulia. Mumewe, Badawi, akitafuta vikombe huanzia mahali pasipo na akili.

Amezaliwa Jidda, kama Badawi, katika zile familia za Kizanzibari zilizohamia na wazee wao na hazikurudi tena. Nje husema Kiarabu, ndani Kiswahili. Mtoto wao mmoja, Safa, walimpata baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuwauliza, na tangu hapo Huda akajiona amechelewa kwa kila kitu. Safa hajatimiza hata miaka minne, mama yake keshakuwa na wasiwasi wa shule.

Wasiwasi huo ukapata moto siku wifi yake, Wahida, alipotuma video kutoka Riyadh kwenye kundi la familia. Mwanawe, Yazid, alikuwa anasoma vibao vya maduka, kimoja baada ya chengine, kama mtangazaji. Huda akaitazama akiwa amesimama, akairudia. Yazid ana miaka sita, lakini hilo halikumpitia kichwani.

Kesho yake akanunua kadi za herufi. Boksi liliandikwa miaka mitano hadi saba. Aliona ni ujanja, kumtanguliza mtoto mbele ya wenziwe. Akakitoa kabatini na kitabu cha darasa la kwanza alicholetewa na shangazi yake kutoka Unguja, akamkalisha Safa mkekani kila baada ya magharibi.

Hapo kabla, Safa ndiye aliyekuwa akimfuata mama yake na kitabu cha picha, anampandia mapajani, anauliza, "Huyu bata analia nini?" Sasa aliulizwa yeye. Huda alimfundisha kama alivyofundishwa mwenyewe utotoni, kwenye chuo cha Kurani cha jirani: mwalimu anatangulia, mtoto anafuatia, mwili unayumba, kidole kinatembea chini ya mstari. Sikio la Safa ni jepesi. Haukupita muda akawa anakwenda mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, "Kuku ana yai, yai la kuku," bila kukwama. Kweli, macho yake yalikuwa kwenye feni. Huda aliyaona, akayapuuza, akapiga simu Riyadh.

"Mama, Safa kamaliza kitabu."

"Kamaliza?" Mama mkwe akapiga kigelegele simuni. "Basi hatumwachi hivi hivi!"

Kwao mtoto akihitimu juzuu ya Kurani hapiti bila ya halua na nguo mpya. Bibi hakuuliza ni kitabu gani. Walipofika Riyadh siku ya Idi, sebule imejaa, kanzu ndogo ya kijani imetundikwa mlangoni, halua imefunikwa. Safa akavishwa, akasimamishwa katikati. Bibi, aliyesoma msahafu maisha yake yote na herufi za Kizungu hazijui, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua alivyozoea, kutoka kulia.

"Yalla, mjukuu wangu."

Ulikuwa ukurasa wa mwisho. Pana picha ya mtoto amelala chini ya chandarua. Safa akaanza kuyumba: "Kuku ana yai, yai la kuku..."

Watu wakachungulia, wakatazamana.

"Kuku yuko wapi hapo, mwanangu?" akauliza Wahida.

Safa akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza. Hamna kuku. Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.

"Wifi," Wahida akasema, machozi ya kicheko yanamtoka, "wewe hukuzaa msomaji, umezaa redio!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, na halua ililiwa vile vile. Lakini Safa alificha uso ndani ya buibui la bibi yake, na walipomwambia akae na kitabu wampige picha, akakitupa.

Waliporudi Jidda hakutaka kugusa chochote chenye kurasa, hata kile cha bata. Akikiona anasema tumbo linamuuma. Hilo ndilo lililomnyima Huda utulivu. Aibu ya Riyadh ilishapoa. Kilichobaki ni hofu kwamba ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto yuko upande wa pili.

Akazitoa kadi, akampa jirani mwenye mtoto mkubwa. Usiku na mchana akasoma kwenye simu yanayomfaa mtoto wa umri ule, na kila alichokiona ni kidogo mno: kupiga makofi kwa vipande vya majina, kutafuta vitu vyenye sauti moja, picha kubwa, mtoto afungue kurasa mwenyewe. Michezo tu! Akajaribu hivyo hivyo, roho juu. Wakapiga makofi ndani ya gari, Ba-da-wi, Ha-lu-a, na Safa akacheka. Siku nyengine akamwacha ataje maziwa, mkate na chumvi dukani, aseme kipi kinaanza kama "mama".

Vitabu Huda aliviweka chini, karibu na mito, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi.

Jioni moja Safa akaja na kitabu cha bata, akampandia mapajani, akafungua. Wakafika ukurasa wa bwawa, na kidole cha Huda kikatangulia chenyewe, kikatua chini ya herufi kubwa.

"Hii nini, mwanangu?"

Kitabu kikafungwa. Safa akateremka, akasimama mlangoni na kitabu kifuani, anamtazama.

"Utaniuliza tena?"

"Siulizi, mwanangu," Huda akasema. "Njoo uniulize wewe."