Herufi za Jean-Pierre mwishoni mwa mstari

Alhamisi, saa tisa na robo mchana, Saint-Gilles, mtaa wa Brussels. Maman Rolande Mbombo, miaka 58, bado amevaa koti la bluu la kazi ya usafi. Kompyuta mbele yake imetema makosa 1,140, moja kwa kila mstari. Zimebaki dakika arobaini na tano.

Saa kumi kamili watu wa mazishi wanataka jibu: Papa Jean-Pierre Ngoy, aliyefariki Jumatatu, azikwe hapa Brussels au arudishwe kwao Likasi, Congo?

Mwenyewe alishajibu. Kila mwanachama wa chama chao cha kusaidiana huandikisha atakapolala. Shida ni kwamba daftari liko ndani ya programu ya Cobol, lugha ya kompyuta ya zamani mno, na mashine iliyoisoma ilikufa Januari hii, 2011. Rolande aliiandika pamoja na marehemu mwaka 1991, kwa ujuzi waliotoka nao Lubumbashi. Siku hizi anasafisha ofisi Porte de Namur kwa euro 1,150 kwa mwezi.

Mpwa wake Modeste, fundi simu wa miaka 31, amepakua Cobol mpya ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Inagoma.

"Tantine, kuko matakataka mwisho ya kila ligne. JPN, RM, JPN... Minafuta yote, ça va?"

"Gusa uone! Ile ni sisi. Kila muntu alikuwa anatia jina yake kule, juu chef ajue nani aliharibu."

Mashine za zamani zilisoma herufi sabini na mbili tu za kila mstari. Zilizobaki zilikuwa za mwandishi. Hii mpya inasoma mpaka mwisho, inajikwaa kwenye majina.

"Iambie isimame kwa soixante-douze."

"Kufuta ni rapide, tantine!"

"Muntu anakufa lundi, weye unamufuta jeudi?"

Simu ya mjane, Maman Régine, aliyeketi nyuma yao, inalia. Ni shemeji zake, wameshatafuta ndege ya Likasi. Haipokei. Modeste anapekua maelekezo, jasho linamtoka. Saa kumi kasoro dakika sita, anaiagiza iishie sabini na mbili, anabonyeza.

NGOY J-P. BRUXELLES. KARIBU NA RÉGINE. 2004.

"Muzee huyu!" Régine anacheka na kulia pamoja. "Toka 2004! Miaka sept ananificha!" Simu inalia tena; ndipo anaipokea.

Familia 611 bado zimo humo daftarini. Rolande anataka zote zisomeke kabla msiba mwingine haujabisha hodi, na Jumamosi ataanza kumfundisha Modeste Cobol.

Jumamosi inafika, Modeste anaandika mstari wake wa kwanza. Rolande anahesabu kwa kidole kwenye kioo, anavuka sabini na mbili, anasimama.

"Bon. Hapa, tia jina yako."