Saumu Iliyonikataa

Nilifunga Ramadhani yangu ya kwanza hapo Busia nikiwa na miaka tisa, na siku ya tatu macho yangu yakageuka manjano. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinishika kidevu mbele ya wanawake waliokuja kufuturu.

"Saumu nakataa huyu mtoto," akasema. "Ni damu ya mama yake."

Mama alikuwa Mkristo wa Nagongera kabla ya kusilimu aolewe. Tangu jioni ile Shangazi hakumpa baba nafasi ya kupumua: mke arudishwe kwao, asije akazaa wengine wa kukataliwa na Mungu. Baba alikuwa dereva wa lori, hakuogopa mtu barabarani, lakini mbele ya dada yake hakuwa na ubavu. Akasema Idi ikipita, mama ataondoka. Nilimchukia Shangazi kwa moyo wangu wote, wala sioni haya kuliandika.

Mama hakulia. Alinipeleka kwa daktari Tororo. Nikatolewa damu, tukaambiwa ni ini, ugonjwa mwepesi wa kurithi usioua mtu. Njaa huuchokoza tu.

"Kwenu nani mwingine macho yake hugeuka akikaa na njaa?" daktari akauliza.

Mama akatikisa kichwa. Mimi nikamkumbuka Shangazi, ambaye kila Ramadhani alivuta kanga hadi kwenye nyusi akisingizia moshi wa jikoni.

Nikanyamaza. Kisasi ni kama maharage, ukiyaepua mapema utatafuna mawe.

Idi ilipopita mama akafunga sanduku lake, na Shangazi akaanza kufunga zile siku sita za sunna, kama desturi yake ya kujionyesha. Siku ya nne wanawake walewale walikuwa uani wakichambua mchele, baba naye yupo. Nikamwendea Shangazi, nikampa shikamoo kwa adabu zote, kisha nikaivuta kanga yake kwa nguvu. Jua likampiga usoni. Macho yalikuwa manjano matupu.

"Shangazi," nikapaza sauti, "kumbe saumu nakataa na wewe?"

Baba alimtazama dada yake, kisha akamwambia mama afungue sanduku, haendi popote. Nilichapwa kwa utovu wa adabu, na kila fimbo ilikuwa tamu.

Shangazi amekwisha kufa. Jamaa huniambia nimsamehe, maana naye alikuwa mgonjwa kama mimi. Kweli alikuwa. Tena kila mwaka alijiona kwenye kioo, akajua, na bado alitaka kuninyang'anya mama.