Perege wa Mtera na Haki ya Mtani

Ukienda kuvua kwenye maji usiyoyajua, ushauri wa kwanza ni huu: usimwambie mtu kwamba umetoka Iringa. Mimi nilisema. Nilishuka bwawani Mtera asubuhi na fimbo yangu ya mwanzi, kopo la nyungunyungu niliowachimba nyuma ya nyumba ya baba pale Kihesa, na kiburi cha mtu aliyekua akivua kambale mtoni na kaka zake. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Nikamwamkia, akauliza natokea wapi, nikamjibu. Akawageukia wenzake, akapiga kelele: "Jamani, fungeni mbwa! Mhehe kaingia!"

Mgogo huyo, na Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Wahehe na Wagogo ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana, na mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Nikamwambia, "Kumbe upo huku, mzee? Mimi nilidhani Wagogo wote mko Dar, mmekaa barabarani na vibakuli." Alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Lakini sikwenda kule kucheka. Baba alikuwa ametoka hospitali, daktari kasema dawa zimefanya kazi yake, kilichobaki ni kula. Baba akagoma. Uji hataki, mchuzi hataki, ugali anausogeza pembeni kwa kidole. Akaniagiza nitoe koti lake la suti kabatini, nilitundike mlangoni alione, kwamba ndilo atakalozikiwa. Kila nikiingia na chai nakutana na lile koti, na moyo unanipasuka. Siku moja akasema, labda angeonja perege wa Mtera. Nikamnunulia sokoni. Akamnusa, akasema, "Huyu kafa kabla yangu." Basi nikaapa nitamvua mwenyewe.

Mtani wangu alipoona nafunga ndoano akaanza kunifundisha. Kwanza, perege wa huku hawaelewi Kihehe, niwaimbie Kigogo. Pili, chambo nikiloweke kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wapate kujua mgeni wao ni nani. Tatu, niingie majini mpaka magotini. Nikauliza, na mamba je? "Wapo," akasema, "ila Mhehe hawamli. Wanasema mchungu."

Ushauri wa mtani ukate nusu, halafu nusu zote mbili zitupe. Usimsikilize mdomo wake mvuvi wa mahali, mwangalie macho. Yule mzee huku akiropoka alikuwa kila mara anatupa jicho upande mmoja, kwenye miti mikavu iliyosimama majini tangu bwawa lilipojaa. Nikajisemea, aha. Nikapanda kwenye jiwe, mbali na maji ya mamba, nikatupa mshipi pale pale. Ndoano ikanasa kwenye kisiki, nikaipoteza. Nikafunga nyingine, nayo ikaenda. Mzee akawa ananihesabia kwa sauti kama mwalimu. Nilitukana kwa Kihehe maneno ambayo marehemu mama angeyasikia angenizaba kofi.

Jua likawa kali, nyungunyungu wakaisha, akabaki mmoja tu, tena mnyonge. Huyo ndiye aliyeliwa. Nilivuta, fimbo ikapinda, akatoka perege mnene, mweusi mgongoni, anapiga mkia kwenye jiwe. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kabla sijafunga mdomo, mzee kaja mbio, kamnyakua, kamweka kwapani.

"Haki ya mtani!" akasema.

Ewe Mungu wangu! Nilitamani nimsukume majini na mamba wapate riziki. Lakini mila ndiyo hiyo, mtani akishika chako kashika, wewe unakomboa kwa maneno. Nikambembeleza. Nikamwita shujaa wa Ugogo, nikamwita babu wa mababu. Anacheka tu. Mwishowe maneno yakaniishia, nikalia. Nikamwambia ukweli: samaki ni wa baba, baba hali, na koti la kuzikiwa liko mlangoni.

Akaacha kucheka. "Mhehe kamili?"

"Wa Kihesa. Mbishi."

"Na wanaokuja kumwona ni akina nani?"

Nikamwambia ni majirani na watu wa kanisani. Wanakaa kwenye kiti, wanasema pole kwa sauti ya chini, wanaomba, wanaondoka.

"Mnamzika mapema," akasema. Akamviringisha perege kwenye majani mabichi, akavaa shati, akatangulia kituo cha basi. Samaki hakuniachia hata njiani.

Tulifika Kihesa jua halijazama. Sikuwahi hata kubisha hodi. Mzee alisukuma mlango, akasalimu Kigogo, "Mbukwa!" kwa sauti ya kuita ng'ombe, akamtazama baba kitandani. "Huyu ndiye? Mbona bado anapumua? Nimepanda basi kuja kula samaki wa msiba, nyie mnanipotezea muda."

Nilifumba macho. Kisha nikasikia kitanda kinalia.

"Wewe Mgogo," baba akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, "nani kakuruhusu kuingia nyumbani kwangu na njaa yako?" Akanigeukia. "Nipe koti. Siwezi kupokea mwizi nimevaa shuka."

Nikalitoa mlangoni, nikamvika. Nilipika huku nawasikia wanatukanana, wa kule anasema Wahehe hukimbia vita kwa kisingizio cha kuokota kuni, wa huku anakumbusha nani aliomba mahindi kwa nani. Nilipoleta sahani mgeni ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwenye tumbo, penye mafuta. Baba akamchapa kofi mkononi, akaivuta sahani kwake. Alikula mgongo, akala tumbo, akafyonza kichwa, na ugali juu, hataki Mgogo apate kitu. Mimi nilisimama mlangoni na kanga mdomoni.

Mzee alilala sebuleni, asubuhi akarudi kwake na matusi ya akiba. Nikaona mkono wa koti umejaa mchuzi, nikalichukua nikalifue.

"Liache hapo kwenye kiti," baba akasema. "Jumamosi anarudi, nitalivaa."