Siku Presha ya Mbodze Iliposhuka

Mbodze hakuwa mtu wa kukaa. Pale Minjila, kijiji cha kando ya mto, watu walimjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa jina. Ukimpa kiti, atakishika mgongo kama anayetaka kukinunua, aseme "ahsante mwanangu," kisha aendelee kusimama, jicho moja kwako, jingine kwa kuku. Chai aliinywa akitembea. Kanisani alikuwa wa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ili maombi yakirefuka atoke "kuangalia mvua," hata miezi ile ambayo mawingu yenyewe yamesahau njia ya Garsen. Bintiye Nelly, aliyeolewa Malindi, alisema mama yake akifa itabidi azikwe wima.

Basi utaona ilivyokuwa kazi ile Jumanne Halima alipomkalisha kwenye mkeka, akamvika mkanda wa mashine ya presha mkononi na kumwambia asiseme neno. Halima ni mhudumu wa afya ya jamii, Mpokomo wa Wenje, kule juu ya mto, aliyeolewa huku chini, na mkoba wake wa dawa huonekana kila mtaa. Wiki tatu nyuma alikuwa amempima Mbodze akakuta mia na sabini kwa mia na nne, akampeleka zahanati mwenyewe. Tangu siku hiyo Mbodze alimeza kidonge kimoja kila asubuhi bila kukosa. Jumanne hiyo Mbodze alikuwa na jirani yake Kanze, ambaye naye ana presha, na naye alikuwa kwenye vidonge.

Mkanda ukavimba, ukapumua, ukalegea. Mashine ikalia. Halima akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Mama Nelly, imeshuka!"

Mbodze akahisi mkeka unasogea chini yake. "Imeshuka?"

"Imeshuka sana!"

"Sana?"

"Sana, mama. Na wewe Kanze, hebu lete mkono... Eh, nawe pia imeshuka. Leo mmenifurahisha nyinyi." Akakunja mashine yake haraka, maana alikuwa na nyumba tisa nyingine na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, akaondoka mbio huku anapunga mkono.

Hakujua ameacha nini nyuma.

Pale Minjila, na kwingine kwingi tu, presha si ugonjwa mmoja. Ni miwili. Kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka. Ya kupanda ina kelele: kichwa kinagonga, masikio yanavuma, mtu anagombana na kila kilicho mbele yake. Ya kushuka ndiyo inayoogopwa, kwa sababu wanasema huja kimyakimya na kumzima mtu kama taa. Ndiyo iliyomchukua Randu, kaka yake Mbodze, saa nne ya asubuhi katikati ya mahindi yake. Walimkuta amelala kifudifudi, jembe bado mkononi. Hakuna aliyewahi kumpima Randu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Lakini msibani mtu mmoja alisema "presha ilishuka," na mpaka matanga yanaisha ikawa ndivyo ilivyokuwa.

"Ni ya ukoo," Mbodze alisema Halima alipotokomea. Alikuwa ameshasimama, anazunguka mkeka. "Imeniona. Imetoka kwa Randu ikaja kwangu."

"Halima mwenyewe alikuwa anacheka," Kanze akasema.

"Alikuwa ananificha. Ukimwambia mgonjwa habari mbaya si lazima ucheke kidogo?"

"Na mimi je? Mimi si wa ukoo wenu."

"Wewe umeambukizwa na uvivu. Sikiliza, shoga. Hivi vidonge kazi yake ni nini? Kushusha. Mtu ameshashuka, unamshusha tena, unampeleka wapi? Si shimoni?"

Kanze akafikiria. Haikuwa rahisi kupata kasoro. Na kusema kweli hoja ya Mbodze haikuwa ya mjinga. Ilikuwa imesimama wima kabisa, ila imesimama juu ya neno moja lililoeleweka vibaya.

"Basi tufanyeje?"

"Chumvi," Mbodze akasema. "Chumvi hupandisha."

Na hilo, bahati mbaya, alikuwa nalo sawa. Siku hiyo hiyo alikoroga maji ya chumvi kwenye chupa mbili za lita. Moja yake. Nyingine ya Kanze, aliyekuwa anakwenda kijiji cha Wema kumlea bintiye aliyejifungua. "Kikombe asubuhi, kikombe jioni, chupa ikiisha ukoroge nyingine," alimwamuru. "Na wale samaki wakavu, ng'onda, usiwaroweke. Uwale na chumvi yao vilevile." Vidonge akavifunga kwenye kitambaa, akavichomeka kwenye paa la makuti, mahali ambapo mkono haufiki bila kupanda kinu.

Hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa dole gumba. Kinachogonga hapo ni moyo, kitu cha ukubwa wa ngumi yako, kikijibana na kulegea mara kama laki moja kwa siku, bila likizo, hata ukilala. Unapojibana, damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Hiyo ndiyo namba ya kwanza, kubwa. Unapolegea, nguvu inapungua lakini haiishi. Hiyo ndiyo namba ya pili. Sasa leta chumvi nyingi. Chumvi haiwezi kukaa peke yake mwilini, inang'ang'ania maji. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja na kutoa, zinaacha maji yabaki. Maji yanaingia kwenye damu, damu inazidi, na mishipa ni ile ile. Kuta zinasukumwa mchana na usiku. Mwenye mishipa hasikii kitu. Hilo ndilo la ajabu kuliko yote: mwili una kengele ya mwiba mguuni, ya njaa, ya mkojo, lakini ya hili hauna. Au inalia imechelewa.

Mbodze alikunywa kikombe chake asubuhi na jioni, uso umekunjamana, na akaanza kuhisi amepata nguvu mpya. Alifagia uwanja mara mbili. Alifagia na wa Kanze. Alihamisha banda la kuku, kesho yake akalirudisha. Kichwa kilianza kumgonga pale kisogoni, tu, tu, tu, na yeye akafurahi. "Inapanda," alijiambia. Masikio yakavuma kama mtu anayepepeta mchele ndani yake. Akafurahi zaidi. Akikaa anasimama, akisimama anatembea, akitembea anasahau alikuwa anakwenda wapi, anarudi. Kuku wenyewe walianza kumkwepa. Alimpigia Kanze simu Wema kumuuliza kama anakunywa. Kanze akasema "mm," mtoto akalia, simu ikaisha chaji. Kuanzia hapo kila akipiga alijibiwa na yule dada wa mtandao: mteja hapatikani.

Siku ya kumi na tatu alikwenda shambani mapema kupalilia kunde. Tumbili walikuwa wameshafika kabla yake, wameketi juu ya tuta kama wenye shamba. Mbodze akanyanyua jembe awatishe. Jembe likaanguka.

Akaliokota. Likaanguka tena.

Aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa pale pale, vidole vitano, kucha zina udongo. Ila ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine aliyemwazima akausahau kwake. Akataka kuwaambia tumbili "Tokeni!" Kilichotoka kinywani kilikuwa "Toe... toe," na upande mmoja wa mdomo haukushiriki. Tumbili mmoja aliinamisha kichwa, kama anayejaribu kuelewa.

Mbodze hakulia. Alifikiria Randu. Jembe, shamba, asubuhi, kila kitu kilikuwa kimepangwa vilevile. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliketi chini bila kuambiwa na mtu, katikati ya mistari ya kunde, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akausugua. Yakapita muda, labda dakika kumi. Kisha vidole vikaanza kuwasha, kimoja kimoja. Ngumi ikafunga. "Tokeni," alisema tena, na safari hii tumbili wakatoka.

Alijua la kufanya. Presha ilikuwa imeshuka mno. Chumvi ilikuwa kidogo. Akarudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia, kisogo kikimgonga kila hatua. Alikuwa amesimama jikoni, kikombe mkono mmoja, anamimina kijiko cha pili cha chumvi, Halima alipobisha hodi na mkoba wake.

"Mama Nelly, unatota jasho. Umetoka wapi?"

"Shamba. Mkono ulikufa kidogo. Sasa umefufuka."

Halima akatupa mkoba chini. "Ulikufa vipi? Na mdomo? Ulikuwa unaongea sawasawa? Kaa chini. Mama, nakuomba, kaa!"

Safari hii Mbodze alikaa. Mkanda ukavimba, ukapumua. Halima akazitazama namba, akazifuta, akasubiri, akapima upya. Mia na tisini na sita kwa mia na kumi na mbili.

"Imekuwaje?" Mbodze akauliza kwa sauti ndogo. "Imepanda?"

"Imepanda, mama! Imepanda vibaya sana!"

"Asante Mulungu!" Mbodze akapiga makofi. Alinyanyuka kabisa, mkanda unaning'inia. "Nimepona! Nilijua tu, nilijua!"

Halima akamshika bega amkalishe tena. Kisha macho yake yakaenda kwenye kikombe, kwenye kopo la chumvi, kwenye ile chupa ya lita iliyobaki robo. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Nani amekwambia unywe hii?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si ulisema imeshuka? Na ukaongeza 'sana.' Nikuulize nini tena, mwanangu? Wewe mwenyewe ulikuwa na haraka."

Halima akachomoa simu. Alikuwa tayari anampigia Diba wa bodaboda aje wamkimbize hospitali Garsen, huku sikio liko kwenye simu na macho kwa Mbodze. "Mama, ilikuwa ni nzuri. Ilikuwa imefika kawaida."

"Kushuka ni kuzuri? Randu alishuka, tukamzika."

"Si kushuka huko." Aligeukia mlango. Kule nje, nyuma ya migomba, tuta la mto lilionekana, na alama ya matope ya mafuriko bado iko kwenye ukuta wa nyumba, juu ya kiuno cha mtu. Halima akaitazama ile alama.

"Mama, mwaka ule wa mafuriko, mlipokaa kambini kule juu. Kila siku mlikuwa mkingojea habari gani?"

"Habari gani! Kwamba mto umeshu..."

Mbodze naye akageuka kuitazama ile alama.

"Mlipoambiwa, mlilia?"

"Tulipiga vigelegele," alisema polepole. "Tulirudi kupanda."

"Na mto ulikuwa umekauka?"

"Wapi! Ulikuwa umerudi kwenye kingo zake tu." Akakitazama kikombe alichokiweka chini. "Kwa hiyo siku zote hizi, mto umejaa, mimi ndiye naumwagia maji?"

Halima akamfungua mkanda. Pikipiki ilikuwa imeshafika mlangoni. Mbodze alikuwa wa kwanza kutoka, akarudi, akapanda kinu, akachomoa kitambaa cha vidonge kwenye makuti, akatoka tena. Mlangoni akasimama ghafla, amekamata fremu.

"Kanze," alisema. "Nilimpa na Kanze."

Hospitali walimlaza. Daktari alimweleza kwamba mshipa mmoja wa kichwani uliziba kwa muda mfupi, na sehemu ya ubongo inayoendesha mkono na ulimi ikakosa damu. Ulizibuka wenyewe. Mara nyingine hauzibuki, na mkono unabaki kama alivyouona shambani, maisha yote. Alisikiliza akifunga na kufungua ngumi, kufunga na kufungua. Wakamwambia alale. Kulala, mchana kweupe! Alihesabu vigae vya dari, vitanda, bakuli za uji. Kila mara alichukua simu akapiga Wema. Mteja hapatikani. Alimwagiza muuguzi ampigie. Alimwagiza muuza karanga. Alimwambia Halima kama hatakwenda Wema leo, yeye atatoka kwa dirisha.

Asubuhi ya siku ya tatu Halima alikuja, ameshamtuma Diba Wema tangu alfajiri. Alimketisha Mbodze ukingoni mwa kitanda, mgongo umeegemea, miguu chini.

"Dakika tano," alisema. "Usiongee. Usitingishike. Ukiongea, namba inadanganya."

Dakika ya kwanza ilikuwa mwaka. Ya pili, Mbodze akagundua kwamba mtu akikaa kimya kabisa anaweza kuusikia moyo wake shingoni, ukifanya kazi yake bila kumwomba ruhusa. Alishangaa. Miaka hamsini na sita na hawajawahi kuketi pamoja. Ya tatu. Ya nne. Halima akamfunga mkanda.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Usishike," Halima akasema.

Alikuwa ameshashika.

"We Mbodze," ilikuwa sauti ya Kanze kwenye simu ya Diba, kali kama kawaida yake, "kijana wa watu amenijia mbio hapa anasema nimekunywa sumu. Sumu gani?"

"Chumvi! Kanze, umeinywa chumvi?"

"Chumvi ile? Nilionja siku ya kwanza nikataka kutapika. Niliwapa mbuzi."

"Na vidonge?"

"Nameza. Kwani nani alisema niache? Wewe ni daktari? Ila mbuzi hawa, shoga, tangu wanywe wanaruka ua kutwa nzima hawatulii, wamekuwa kama wewe."

Mbodze alianza kucheka. Alicheka machozi yakimtoka, mkono wa kulia umeshika simu imara, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza naye bila kujua sababu. Mashine ikalia, ikaandika namba ya ajabu isiyomfaa mtu yeyote.

Halima akaifuta. Akaichukua simu, akaitia mfukoni mwake, akatazama saa.

"Tunaanza upya, Mama Nelly. Dakika tano."