Macho Yaliyokuja na Jina

Kwetu Kibugu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, na mimi ndiye wa kwanza. Kwa hivyo baba, mzee wa miaka themanini na kitu, huniita mama hadi leo. Hata kunigombeza hawezi. Nani hugombeza mamake?

Nilipogonga hamsini, ngozi ya juu ya macho yangu ilianza kulegea, ikashuka hadi ikalalia kope. Walimu wenzangu wakawa wananiuliza kama nililala vizuri. Nikawa napita watu njiani bila kuwasalimu, wakasema nina maringo. Nyumbani walicheka tu: jina limeingia. Nyanya alikuwa na macho hayohayo, na maringo hayohayo. Walifurahi ungedhani nimepita mtihani, na hospitali hakuna aliyeitaja.

Nilijipeleka mwenyewe, Embu mjini, na sitadanganya: nilienda kwa sababu ya picha za harusi ya binti yangu. Katika zote nasinzia. Nilitaka urembo, basi. Daktari akanieleza kwamba ngozi hiyo huchoka na umri, na ile iliyozidi hukatwa, pakashonwa palepale kwenye mkunjo. Akaiinua kwa plasta ili nione tofauti. Juu ya mlango kulikuwa na saa kubwa. Nilikuwa nimekaa pale nikiuliza watu ni saa ngapi.

Shida ikawa baba. "Hayo ni macho ya mama," alisema. "Ukiyakata, nitamwona wapi tena?" Nilikasirika, nikamhurumia, nikakasirika tena. Bila baraka yake nisingekatwa, najijua.

Asubuhi nilimkuta uani akichambua maharagwe, kidevu juu, kama anavyokaa siku zote ili aone. Nikaleta plasta, nikamwambia atulie, nikamwinulia macho yote mawili. Akashusha kidevu taratibu. Akaangalia majani chai hadi pale msitu unapoanzia. Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa akimpungia mkono.

"Huyo hunisalimia hivyo kila siku?"

"Kila siku, baba."

Akainua mkono, akampungia. Kisha akasema, "Kumbe mama hakuwa na maringo."

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku aliyomleta mama yangu nyumbani, nyanya aliwapita langoni bila hata salamu. Baba akanuna. Hakukanyaga jikoni kwa mamake tena mpaka siku alipoitwa kumbeba kwenda hospitali, na hakurudi naye.

"Alikuwa haoni," alisema. "Alikuwa anapita tu."

Nikanyoosha mkono nimtoe plasta, akaushika. Akaniangalia uso wote, muda mrefu.

"Nenda ukatwe," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama."

Nikamwambia nimemsamehe. Jina ni langu, nani mwingine angemjibu?