Nilivyopatana na daktari juu ya insulini

Kuuza vitenge Kariakoo kumenifundisha kwamba namba ya kwanza mtu anayokutajia ni salamu tu. Kwa hiyo niliporudi kutoka India, seli za kongosho la marehemu mmoja, zile zinazotengeneza insulini, zikiwa zimepandwa kwenye ini langu, daktari wa kisukari hapa mjini akaniambia nichome insulini yuniti kumi kila asubuhi. Nikasikia kumi, nikaelewa saba.

Nikachoma saba. Nilihesabu vistari vya sindano mara mbili, nikaona nimepata bei nzuri.

Wiki ya pili kipimo cha kidole kikasoma sukari kumi na nne, mara mbili ya inayotakiwa. Nikatoboa kidole kingine. Kumi na nne. Mke wangu alikuwa anakoroga uji.

"Unapima tena ili ipungue?"

"Naangalia kama imekosea."

"Baba watoto, hiyo mashine haina fremu ya duka mtaa wa Msimbazi. Haipunguzi. Vaa viatu twende hospitali."

Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliniamkia vizuri kisha akanikazia macho.

"Mzee, unachoma ngapi?"

"Tuseme saba."

"Mimi nilisema kumi."

"Si ndiyo ulianzia hapo?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Daktari hakucheka. Alichora ini, akalijaza vidoti. Seli hizi, akasema, zilipotolewa kwa mwenyewe zilikatwa mishipa yote, ya damu na ya fahamu. Ya damu huota kwanza. Ya fahamu, inayosaidia kuziambia zimwage insulini au ziache, hurudi polepole, miezi na miezi, na pengine isirudi yote. Sindano ni ya kuzipumzisha wakati zinashika mizizi.

"Ukipunguza, unambebesha gunia mchukuzi aliyetoka kupasuliwa jana. Zikifa hizi, sina nyingine za kukupa."

Gunia nalijua. Nikaogopa kweli. Kuanzia siku hiyo nilichoma kumi, kumi kamili, nikijisikia kama mteja mgeni aliyelipa bei ya kwanza mtaa mzima unamwangalia.

Mwezi wa tano tangu nirudi, daktari akasoma majibu ya maabara.

"Tushushe. Chukua sita."

Nikashtuka. Kwetu sokoni anayeshusha bei haraka hivyo ana mzigo wenye kasoro.

"Daktari, zimeharibika?"

"Zimeshika, mzee. Insulini iliyobaki unaitengeneza mwenyewe."

Nikamwomba asome tena. Akasoma. Nikafungua mdomo nitaje nne, mke wangu akanikanyaga mguu.

"Sita," akamwambia daktari. "Tumekubali. Asante."